Kabla ya bloki mpya, mutuoneshe kwanza mafuta muliyoacha chini ya Muanda



Petroli ya Kasongo munajua vile inafika. Inakuja ndani ya bidoni za njano, nyuma ya pikipiki, na motari ambaye amelala njiani usiku mbili ama tatu juu ya matope. Akina Kadhafi wanaimimina ndani ya chupa na kuipanga kando ya barabara. Mvua ikinyesha siku tatu, bei inapanda. Ikinyesha juma nzima, petroli inakosekana, na mgonjwa aliyepaswa kupelekwa hospitali anasubiri.

Ile petroli inatoka inje ya inchi. Na inchi yetu iko inatoa mafuta tangu mwaka 1975, kule Muanda, fasi mto Congo unaingia ndani ya bahari. Maji ya Lualaba yanayopita hapa kwetu njo yanafika kule. Mafuta ghafi ya Muanda yanapakiwa ndani ya meli na kuuzwa inje, halafu petroli tunainunua kwa wengine. Lile ni jambo moja, tumeshalisema mara mingi. Leo tunataka kusema lingine, ambalo hatujasikia depite yeyote akiliuliza.

Mwezi wa 7 mwaka 2022 Serikali ilitangaza ku Kinshasa kwamba inatoa kwa mnada bloki 27 za mafuta na bloki 3 za gesi. Kati ya zile 27, bloki 11 zilikuwa upande wa Tanganyika, ni kusema si mbali na sisi: mtu wa Kabambare akishavuka kuingia Fizi, ziwa liko pale mbele. Mwezi wa 10 mwaka 2024, Wizara ya hidrokaburi ikafuta ule mnada wa mafuta. Mwaka 2025 Serikali ikarudi na bloki 52 mpya ndani ya Cuvette Centrale, kule kwenye pori na potopoto.

Kila mara habari ile ilipopita ku radio, hapa mjini watu walifurahi. "Vijana, mutapata kazi!" Tunaelewa ile furaha. Sisi tunaoandika tuko wanane, karibu wote na diplome. Mmoja alisoma kemia, leo anauzisha unite za simu. Mwengine alisoma jioloji, anafundisha shule ya msingi kama NU, ni kusema mwalimu ambaye Leta inamjua kwenye karatasi na haimjui siku ya mshahara. Mtu akituambia kuna kazi inakuja, sisi njo wa kwanza kutega masikio.

Lakini mwenzetu wa kemia aliuliza swali moja jioni ile, na tangu siku ile hatukulala vizuri. Aliuliza: Muanda wametoa kiasi gani, na wameacha kiasi gani chini?

Watu wengi wanafikiri mafuta yako chini ya ardhi sawa ziwa, unapiga bomba, unavuta mpaka yanaisha. Hapana. Mafuta yako ndani ya jiwe. Jiwe lile liko na vitundu vidogo vidogo ambavyo jicho haliwezi kuona, sawa vile sponji, na mafuta yamejificha mule. Ukitoboa kisima, presha ya chini inasukuma sehemu ya mafuta juu peke yake. Ile ni sehemu ndogo, mara mingi haipite 15 kwa 100. Presha ikipungua, kampuni inaingiza maji kwa visima vingine ili yasukume mafuta. Hapo inaongezeka. Lakini ukichukua wastani wa dunia nzima, kwa kila mapipa 100 yaliyo chini, yanatoka kama 35. Mengine yanabaki. Siku moja wanafunga kisima, wanasema "mafuta yamekwisha", na zaidi ya nusu iko bado pale pale.

Majirani zetu wa Uganda wameandika hesabu yao wazi, kila mtu anaijua: chini ya upande wao wa Ziwa Albert kuna mapipa kama bilioni 6.5, na yanayohesabiwa kwamba yatatoka ni bilioni 1.4. Fanya hesabu. Ni kama 21 kwa 100. Na kwa hayo 21 wanajenga bomba la kilomita 1,443 mpaka Tanga, bomba la kupashwa moto njia yote, juu mafuta yao ni mazito sawa nta, yakipoa yanaganda.

Sasa kwa nini maji hayatoe yote? Hapa sisi watu wa Maniema tunaweza kufundisha professa. Mama akishapika na mawese, chukua sufuria ile, uioshe na maji matupu. Utaosha mpaka usiku. Maji yanapita juu ya mafuta, mafuta yanashika sufuria. Weka sabuni kidogo, mafuta yanaachia. Ndani ya jiwe ni vile vile. Tone la mafuta limekwama ndani ya kitundu, maji yanapita pembeni. Kati ya maji na mafuta kuna kama ngozi fulani inayovutika, inakataa tone lisijipinde kupita mlango mwembamba. Sabuni inalegeza ile ngozi. Wanakemia wanaita kitu cha namna hii surfaktanti: kichwa chake kinapenda maji, mkia wake unapenda mafuta, kinasimama katikati na kuwapatanisha. Surfaktanti nzuri, ikichaguliwa sawasawa kwa mafuta ya fasi ile, inapunguza nguvu ya ile ngozi mara maelfu, wakati mwengine mara elfu kumi. Tone linakuwa laini, linapita, linatoka.

Tulijaribu wenyewe. Si utafiti, ni mchezo, musitucheke. Tulichukua chupa mbili za plastiki, tukatoboa kifuniko, tukajaza mchanga wa kujengea, tukamimina ndani mafuta machafu ya moteri ambayo fundi wa pikipiki alitaka kutupa. Chupa ya kwanza tuliipitisha maji matupu. Mafuta kidogo yalitoka mwanzo, halafu maji yakaanza kutoka karibu safi, na mchanga ukabaki mweusi. Chupa ya pili tulifanya vile vile, halafu tukamimina maji ya sabuni. Yakaanza kutoka maji ya rangi ya kahawa yenye mafuta, na mchanga ukaanza kuwa mweupe kutoka juu kwenda chini. Yule wa jioloji, ambaye alimaliza miaka mitano ya iniversite bila kuona hata mara moja kipande cha jiwe lenye mafuta, alikaa kimya muda mrefu.

Wale ndugu zetu wa Salamabila wanaoosha dhahabu watasema: jambo hili ni la zamani. Ni kweli. Mchanga ambao wa kwanza ameosha na kutupa, wa pili anaurudilia na anapata. Hakuna mtu kule anayeamini kwamba beseni la kwanza limetoa yote. Lakini kwa mafuta, tunaamini kampuni ikituambia imemaliza.

Je, kuna fasi walifanya kweli, au ni ya vitabu tu? Walifanya. China, ku Daqing, uwanja mkubwa walioupata mwaka 1959, walichanganya vitu vitatu: surfaktanti, alkali, na polima. Alkali ni ndugu wa ile soda kostiki mama zetu wanaweka ndani ya mawese kupika sabuni. Ikikuta asidi ndani ya mafuta ya chini, inatengeneza sabuni pale pale ndani ya jiwe. Polima inafanya maji kuwa mazito, sawa uji, ili yasukume mafuta mbele yake kuliko kukimbilia njia ya mkato. Majaribio yao yaliongeza karibu sehemu moja kwa tano ya mafuta yote yaliyokuwa chini. Ni mingi sana ile.

Mfano mwengine uko karibu na sisi kwa lugha. Kiswahili tunachoandika hapa kilifika Kasongo na misafara ya watu wa Zanzibar, wakati mji huu ulikuwa ngome ya Tippu Tip, mtu ambaye ukoo wa baba yake ulitoka Oman. Walikuja kwa pembe na kwa watu. Walichobeba walibeba, hatuwezi kusahau. Oman ya leo inaishi kwa mafuta, na mule muna familia mingi zinazosema Kiswahili nyumbani, wale waliorudi kutoka Zanzibar na bara. Mafuta ya Oman yalianza kupungua kisha mwaka 2001. Mwaka 2007 walikuwa wameanguka mpaka mapipa kama 710,000 kwa siku. Hawakukimbilia kuuzisha jangwa lote kwa mnada. Walirudi kwenye visima vyao vya zamani: fasi moja waliingiza mvuke, fasi nyingine gesi, na kule Marmul, kusini, walianza mwaka 2010 kuingiza polima, halafu wakajaribu na ule mchanganyiko wa vitu vitatu wenye surfaktanti. Kufika 2016 walikuwa wamepanda mpaka karibu milioni 1 kwa siku. Hatusemi sabuni peke yake njo ilifanya vile; surfaktanti pale ilikuwa jaribio dogo, kazi kubwa ilifanywa na zile njia zingine na visima vipya. Tunasema walijua kiasi kilichobaki chini, kwa hiyo walijua fasi ya kutafuta. Na waliweza juu Serikali yao iko na 60 kwa 100 ya kampuni PDO. Mwenye nyumba anakaa kwenye meza, anauliza, anajibiwa.

Sisi tunakaa wapi? SONAHYDROC, kampuni ya taifa, jina iko nalo. Sheria ya hidrokaburi tuko nayo, namba 15/012 ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2015. Perenco inachimba Muanda tangu mwaka 2000, na inchi inatoa mapipa elfu 20 na kidogo kwa siku, ambayo ni kidogo sana kwa inchi ya ukubwa huu. Visima vya miaka 40 na zaidi. Raia wa Kasongo, ama hata wa Muanda mwenyewe, akitaka kujua ndani ya jiwe lile kulikuwa mapipa mangapi mwanzo, yametoka mangapi, na kampuni imejaribu njia gani kutoa yaliyobaki, aende mlango gani? Tunauliza kweli, hatuchekeshi. Ile hesabu ni ya raia. Chini ya ardhi ya Congo ni mali ya Leta, na Leta ni sisi.

Tuko na wenzetu ambao hawakubaliane na sisi hapa, na tulibishana nao mpaka saa sita ya usiku. Wanasema: nyinyi munataka kufundisha kampuni kukamua zaidi, wakati watu wa Muanda wanalia juu ya mashamba na maji yaliyochafuka. Ni hoja nzito. Mwaka 2022 mashirika Sherpa na Les Amis de la Terre ya Ufaransa yalipeleka Perenco mbele ya mahakama ya Paris juu ya uchafuzi ule. Na dawa hizi si maji ya baraka. Maji yanayorudi juu pamoja na mafuta yanarudi na kemikali ndani yake, yamechanganyika sawa maziwa, na kuyatenganisha ni kazi ngumu na ya bei. Ku Daqing ile alkali ilikula jiwe, halafu ikaganda sawa chokaa ndani ya pampu mpaka pampu zikavunjika. Fasi maji ya chini yana chumvi nyingi na chokaa, surfaktanti inakufa kabla haijafanya kazi, sawa vile sabuni inakataa kutoa povu ndani ya maji fulani ya kisima. Jiwe lenyewe linaimeza sehemu nyingine. Juu ya ile yote, ni ghali. Wamarekani walijaribu sana miaka ya 1970 wakati bei ya mafuta ilipanda. Bei ilipoanguka mwaka 1986, majaribio mengi yalifungwa.

Kwa hiyo hatusemi "mumwage sabuni Muanda kesho". Inawezekana jiwe la kule halifai. Inawezekana mafuta yaliyobaki hayalipe gharama. Lakini mtu mmoja anapaswa kupima, na matokeo yanapaswa kuwekwa wazi. Mpaka leo tunaambiwa tu kwamba inchi inahitaji bloki mpya, na bloki mpya maana yake ni nini? Cuvette Centrale iko na potopoto ambayo wanasayansi walipima mwaka 2017: pamoja na Congo Brazzaville, imefungia kaboni kama tani bilioni 30. Ukifungua barabara mule na kukausha, ile kaboni inapanda juu. Na Ziwa Tanganyika, wavuvi wa inchi nne wanakula mule. Kati ya kukamua vizuri sponji iliyokwisha kulowa na kupasua sponji mpya, sisi tunachagua ya kwanza, kwa sharti kwamba maji yasafishwe. Oman, ku Nimr, walipanda matete ndani ya jangwa, mamilioni ya mita za mraba, yale maji yanayotoka na mafuta yanapita polepole kati ya matete na kusafika. Matete! Sisi tuko nayo kando ya kila mto hapa, tunajengea nayo uzio.

Wenzetu wanaosema "muyaache yote chini" hatukuwashinda ile usiku, na wao hawakutushinda. Tulikubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba bila ile hesabu ya Muanda, sisi wote tunabishana gizani.

Bado kuna jambo la mawese. Surfaktanti nyingi za dunia zinatengenezwa kutoka mafuta ghafi yenyewe, lakini si lazima. Ku Indonesia, iniversite ya kilimo ya Bogor ina kituo cha utafiti kinachotengeneza surfaktanti kutoka mawese, kusudi la kutoa mafuta ya visima vya zamani. Mawese! Kitu ambacho mama wa Kasongo anabeba kichwani kilomita 20 mpaka soko, na siku nyingine anarudi nacho. Hatutaki kudanganyana, kati ya sabuni ya kufulia na surfaktanti inayoweza kuvumilia joto na chumvi ya chini ya ardhi kuna kazi ya miaka, mashini, na maabara. Lakini Indonesia walianza na mti ule ule ulio nyuma ya nyumba zetu. Mwenzetu wa kemia alipokuwa anasoma, "maabara" ilikuwa chumba kimoja chenye kufuli, na mazoezi waliyafanya ubaoni, kwa chaki. Alipata nota nzuri ya kitu ambacho hakukishika kwa mkono.

Kwa hiyo "vijana mutapata kazi" tunaijibu hivi: kazi gani? Kama ni kazi ya kulinda uzio wa kampuni usiku, tunaijua. Banro ilipoanza uzalishaji wa kibiashara ku Namoya mwaka 2016, Kabambare walisikia maneno yale yale, na mwaka 2019 kazi ilisimama. Kupima jiwe, kupima maji, kuchanganya dawa na kujua itafanya nini chini, ile ni kazi ya mtu aliyesoma, na ni kazi inayobaki hata bei ikianguka, juu maji yanapaswa kupimwa kila siku. Mkataba unaweza kusema ifanyike ndani ya inchi, na vijana wa inchi. Usiposema, sampuli zitapanda ndege, na sisi tutaendelea kuuzisha unite.

Tumeandika barua ya ukurasa mmoja kwa depite wetu waliochaguliwa Kasongo na Kabambare, waipeleke kama swali la maandishi kwa Waziri wa hidrokaburi. Maswali ni manne. Chini ya kila uwanja wa Muanda kulikuwa mapipa mangapi, na yametoka mangapi? Kampuni ilipima njia gani za kuongeza, na ripoti iko wapi? Kemikali gani zimekwisha kuingizwa chini, na maji yanayorudi yanamwagwa fasi gani? Na mikataba ya bloki mpya, itakuwa na kifungu kinacholazimisha haya yote kuwekwa wazi kila mwaka, na maabara ndani ya inchi?

Hakuna tusi ndani ya barua, na hakuna jina la chama. Tutaikusanyia sahihi Jumamosi hii, kuanzia saa tatu za asubuhi, karibu na soko, na Jumapili motari mmoja ataibeba kwenda Kabambare kama barabara iko inapitika. Mukuje na karte ya kupigia kura, ama namba yake. Chupa mbili za mchanga tutakuja nazo. Anayebisha aje na sabuni yake.